Matumbawe ya juu yakifa, samaki si watashuka chini? Jibu la mzamiaji

Mkuu uliyeanzisha uzi, umesema matumbawe ya maji mafupi yalipauka kwa joto mwaka 1998, 2016 na tena 2024, lakini kuna mwamba mwingine kilindini kwenye maji baridi, basi samaki watajificha huko na kurudi hali ikitulia. Ukauliza pia kama kumrudisha baharini chewa mdogo aliyenaswa kwa mshipi kunasaidia. Nimekulia Tanga katika nyumba ya wavuvi, na sasa napeleka wageni kuzamia Pemba. Nitajibu kwa ninayoyaona, nikichanganya na yaliyoandikwa na watafiti.

Wachache watashuka. Wengi hawawezi.

Chukua pono na kangaja. Riziki yao ni mwani wanaouparua maweni, na mwani unataka jua. Ukiteremka na ukuta wa Pemba hadi mita 40, ambapo ndipo mwisho wetu sisi wa mitungi ya kawaida, unawaona wakipungua kadiri unavyoshuka. Wanaoshika usukani huko ni wadogo wanaosimama dhidi ya mkondo wakidonoa vijidudu vinavyopita, na wawindaji wao. Tumbawe nalo linabadilika: matawi hakuna, limetandaa bapa ili lidake mwanga kidogo uliobaki, na pembeni yake yameota masponji. Rangi nyekundu ya jua haifiki kina hicho, kwa hiyo samaki mwekundu unamwona wa kijivu, karibu na mweusi. Mmulike tochi ndipo awake. Wageni wengine hupiga kelele na mdomo umejaa regureta, kile kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi.

Wataalamu huita eneo hilo, kuanzia kama mita 30 hadi 150, mwamba wa mesofotiki. Kuufikia vizuri kunataka mashine inayosafisha na kuzungusha pumzi yako mwenyewe, mchanganyiko wenye heliamu, na saa nyingi za kupanda kidogo kidogo. Ndiyo maana hata leo kuna samaki wa huko wasio na jina. Mwaka 2019 alitangazwa mmoja kutoka Zanzibar, aliyepatikana kati ya mita 50 na 80, mwenye magamba ya zambarau. Wakamwita Cirrhilabrus wakanda, kwa ile nchi ya kubuni ya Kiafrika katika filamu ya Black Panther. Yaani kisiwa kinachopokea watalii kila siku, na chini yake anaishi samaki ambaye sayansi haikuwa na habari naye!

Mmoja wa waliomtangaza, Luiz Rocha, alikuwa ameshachapisha na wenzake utafiti mwaka 2018 katika jarida la Science. Walilinganisha miamba ya juu na ya chini katika Atlantiki ya Magharibi na Pasifiki, wakakuta jamii za samaki wa chini ni nyingine, na kwamba huko nako uvuvi, joto na takataka vimeshafika. Kwa hiyo mwamba wa chini si ghala la kuwekea samaki wa juu. Una wenyewe, nao wana shida zao.

Sisi wa Tanga tulipaswa kulijua hili mapema kuliko wengine. Papa walipoadimika karibu na pwani, majarife, yaani nyavu za kunasia papa, yakashushwa kina kirefu zaidi, na kuanzia miaka ya 2003 na 2004 yakaanza kupandisha silikanti, samaki ambaye dunia ilidhani ametoweka tangu zama za dinosaria hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Walinaswa makumi. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ikaanzishwa mwaka 2009. Sasa fikiria: utafiti wa 2021 unasema samaki huyu hukaribia miaka 100, na mimba yake huchukua kama miaka mitano. Jarife halikuwa na shida naye hata kidogo, lilikuwa linamtafuta papa.

Ndiyo maana kwangu mimi eneo la kutovua lisiishie pale unapoona tumbawe ukiwa juu ya boti. Lishuke na mteremko mpaka chini, na jarife la kilindini lipigwe marufuku humo. Najua wavuvi watanijia juu, na baadhi yao ni ndugu zangu.

Kuhusu chewa wako. Ukimvuta kutoka pima 30, yaani kama mita 55, hewa iliyo ndani yake inatanuka njiani. Anafika juu macho yamemtoka, utumbo umesukumwa hadi mdomoni, tumbo gumu. Ukimtupa hivyo anaelea chali na mwewe anamsubiri. Kanuni ya "mdogo mrudishe" inafaa kwenye maji mafupi, huku chini peke yake haitoshi. Usimtoboe kwa kisu wala usimrudishe utumbo kwa kidole. Funga chubwi zito, ile risasi ya kuzamishia mshipi, kwenye kamba, juu yake ndoana isiyo na chembe, ncha ikitazama chini. Ikamate kwenye ngozi ya mdomo wake, mshushe haraka hadi karibu na kina alichotoka, kisha vuta kamba kwa ghafla aachie. Presha itamrudisha sawa. Si wote wanaopona, lakini ana nafasi kubwa kuliko yule anayeelea. Na ukiona kila unachopandisha hapo ni kidogo, ng'oa nanga uhame.