Uliza Tujibu: Gari ya Stima Itafukuza Petroli Nairobi?

Mwezi huu karibu barua zote ni za gari za stima. Kila tarehe 14 EPRA, ile mamlaka ya nishati, ikisoma bei mpya ya mafuta watu wanakumbuka kutuandikia, na tangu ile Oktoba ya 2023 lita ilipogonga 217.36 hapa Nairobi hakuna mtu amewahi kuamini petroli tena. Tumechukua barua tano, zingine zilikuwa zinafanana. Na wale mnaouliza kama tunauza gari, hatuuzi.

Nimeona Nissan Leaf ya mtumba, bei iko karibu na ya Demio. Broka anasema hainywi mafuta, haina sevisi, kazi yako ni kuchomeka tu kama simu. Naishi ghorofa ya nne, kazi iko Upper Hill. Ninunue ama ni mtego?
*Baba Watatu, Umoja*

Baba Watatu, achana na gari kwanza, tuambie gari italala wapi. Kutoka Umoja mpaka Upper Hill na kurudi, hata ukipitishia watoto shule, ni ngumu ufike kilomita 40 kwa siku. Gari kama Leaf inatembea kilomita sita hivi kwa yuniti moja ya stima (yaani kilowati-saa moja), kwa hivyo wewe unahitaji yuniti saba kwa siku, na soketi ya kawaida ya ukutani inakurudishia hizo kwa masaa matatu, manne. Kwa safari yako hata Leaf ya zamani inatosha na inabaki. Shida ni kwamba wewe uko juu, gari iko chini, na stima ya pakingi iko kwa mita ya landilodi ambaye hata ile balbu ya ngazi anaibadilisha akipenda.

Tunajua kuna watu wanateremsha ekstensheni kwa dirisha usiku. Tafadhali usijaribu. Waya nyembamba ikivuta ampia kumi masaa matano bila kupumzika inashika moto, na ikianza kunyesha ndio utajua hujui. Ongea na landilodi kabla hujatoa hata deposit, mwambie utaleta fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA avute waya kutoka mita yako mwenyewe mpaka pakingi, na breka yake, gharama juu yako. Akikataa, usinunue. Hata broka akishusha bei mara tatu, usinunue, juu utabaki unategemea chaja za mall na huko utakuwa unakunywa chai ya bei ghali kila jioni ukingojea yuniti kumi.

Akikubali, sasa twende kwa betri. Leaf za kwanza zilikuwa na betri ya kilowati-saa 24, zikaja za 30, halafu umbo jipya la mwisho wa 2017 likaja na 40. Kwa dashibodi upande wa kulia wa kipimo cha betri kuna vimistari 12 vidogo, hivyo ndivyo afya ya betri, na ule wa kwanza ukipotea jua imeshapoteza kama asilimia 15. Ukiona vimebaki nane au tisa kwa gari ya 24, hiyo ni gari ya town tu, usiipangie Naivasha. Na usiamini macho peke yake kwa sababu kuna wajanja wanarudisha hivyo vimistari kwa kompyuta, tafuta mtu mwenye kale kadude ka OBD kanakochomekwa kwa gari kusoma kompyuta yake, na programu ya LeafSpy, aisome mbele yako. Broka akikataa isomwe umeshapata jibu lako bure.

Hiyo ya haina sevisi ni nusu ukweli. Oili ya injini hakuna, plagi hakuna, gia boksi ya kukusumbua hakuna. Lakini bushi, shoki, matairi, AC, na ile betri ndogo ya volti 12 ziko palepale, na barabara za Eastlands haziulizi gari inatumia nini.

Naendesha teksi ya app, siku nafanya kilomita 150 hivi. Mwenye gari anataka tuhame twende stima. Mimi nitabaki na ngapi mfukoni?
*Dereva, South B*

Kaka, tupige hesabu ya haraka. Gari ndogo ya petroli kwa jam ya Mombasa Road inakupa kilomita 12 kwa lita ukibahatika. Tuseme lita ni 180, hiyo ni lita 12 na nusu, umetoa 2,250. Kwa stima unahitaji yuniti 25, weka 28 maana kuna zinazopotea kwa chaja, na tokeni ya nyumbani ukijumlisha ushuru wake wote tuseme shilingi 30 kwa yuniti, umetoa 840. Umeokoa zaidi ya elfu moja na mia nne kwa siku, na kwenye jam ndio unaokoa zaidi maana gari ya stima ikisimama haichomi kitu, ni AC na redio tu.

Sasa ngoja. Leaf nyingi za Japan zilikuja na chaja ya ndani ya kilowati tatu, ile ya sita ilikuwa ya kulipia zaidi, na wengi hawakulipia. Kilowati tatu, yuniti 28, hiyo ni masaa tisa na zaidi. Wewe unafika nyumbani saa sita usiku unatoka saa kumi na moja asubuhi, umepata yuniti 15, yaani kilomita 90. Hiyo ingine utaitafuta mchana kwa chaja ya kulipia, na huko bei si ya tokeni, na huo muda umekaa ukichaji app inakuona umelala. Kwa hivyo mwambie mwenye gari atafute yenye chaja ya kilowati sita na betri ya 40 kwenda juu, ama mwachane na hiyo story.

Kuna kitu kingine hamsemi sana huko kwa stendi. Tangu 2023 kuna bei maalum ya stima ya magari, ilianza na shilingi 16 kwa yuniti na 8 ile saa watu wamelala, kabla ya ushuru na makato mengine. Hiyo ni kwa mita ya kuchajia peke yake si ile ya nyumba. Madereva kumi mkikodi kiwanja kimoja mkaweka mita ya namna hiyo, hapo ndio hesabu inabadilika kabisa.

Na tukumbushane NopeaRide. Walianza 2018 hapa hapa Nairobi na teksi za Leaf na chaja zao wenyewe, mwisho wa 2022 wakafunga. Watu wanasema gari za stima zilishindwa. Hazikushindwa, kampuni mama huko Finland ndio iliishiwa na pesa. Lakini funzo kwako dereva liko pale: ukitegemea chaja za mtu mmoja, siku akifunga na wewe umefunga.

Mvua ya Nairobi inajulikana. Nikiingia maji na gari ya stima si nitapigwa shoti?
*Mama Njeri, Kahawa Sukari*

Hapana mama. Betri imezibwa kabisa na gari ikihisi hitilafu inakata stima yenyewe. Tena gari ya petroli ikivuta maji kwa injini imekufa papo hapo, ya stima haivuti hewa. Hiyo haimaanishi uingie mto, gari yoyote inaelea na kubebwa, tuliona kwa mafuriko ya 2024. Ikishazama usiichaji mpaka fundi aione, na asiwe yule wa kujaribu jaribu, kwa sababu zile waya za rangi ya chungwa zinabeba zaidi ya volti 300.

Desemba huwa naenda shags Kakamega na familia. Itafika?
*Mkazi wa Lang'ata*

Kwa Leaf ya 40 iliyo na afya nzuri, tegemea kilomita 200, ukijaza watu na mizigo punguza. Utafika Nakuru vizuri. Kutoka pale unapanda mpaka Mau Summit na mlima unakula betri hata ukienda polepole, ingawa ukiteremka inajirudishia kidogo. Kwa hivyo Nakuru lazima uchaji, na mbele tena lazima, na swali ni kama chaja utakayoikuta inaingia kwa gari yako. Leaf inatumia plagi ya CHAdeMO, gari mpya nyingi zinatumia CCS2, za soko la China zinatumia yao. Piga simu kabla ya kutoka uulize plagi gani na kama inafanya kazi wiki hiyo. Halafu Leaf hizi za mtumba hazina mfumo wa maji wa kupoza betri, ukiichaji haraka mara mbili kwa safari moja inapata joto na kuchaji kunakuwa pole pole.

Ukituuliza sisi: nunua ya stima ya kwenda kazini, Desemba panda shato au ukodi ya petroli. Kununua gari kwa sababu ya siku nne za mwaka ni ugonjwa wetu Wakenya.

Mimi nauza mafuta kwa petroli steshoni Ruaraka, miaka sita sasa. Mabosi wanasema gari za China za bei ya chini zinakuja na kazi yetu itaisha. Nitafute kazi ingine?
*Pampu Namba Tatu*

Swali lako ndilo limetufanya tuandike ukurasa huu wote, kwa hivyo vumilia kidogo.

Ni kweli huko nje mambo yamebadilika. Norway mwaka wa 2024 karibu gari tisa kati ya kumi mpya zilizouzwa zilikuwa za stima tupu. China katikati ya mwaka huo huo zaidi ya nusu ya gari mpya kwa mwezi zilikuwa za kuchajiwa, zikiwemo zile zenye injini pia. Betri ambayo 2010 ilikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa kilowati-saa ilishuka mpaka kama 115 mwaka wa 2024. Hata jirani yetu Ethiopia alipiga marufuku kuingiza gari ndogo za petroli na dizeli mwanzo wa 2024.

Lakini Nairobi hainunui gari mpya. Nenda yadi za Ngong Road ama Kiambu Road uone, ni Japan, Japan, Japan, na sheria inasema gari isizidi miaka minane na usukani uwe kulia. Maana yake sisi tunaendesha kile Wajapani walinunua miaka saba iliyopita. Na Wajapani hawakununua stima! Mwaka wa 2018 kati ya gari zao mpya, za stima hazikufika hata moja kwa mia, walikuwa wamependa haibridi, zile za petroli zinazosaidiwa na mota ya stima. Ndio maana unaona Aqua, Vezel na Note zimejaa mtaani na Leaf unazihesabu. Zile nyingi za bei ya chini zinazouzwa China kwenyewe zina usukani wa kushoto, hazisajiliwi hapa. Zenye usukani wa kulia zinatengenezwa kwa ajili ya kina Uingereza na Thailand, hizo zinaweza kuja, lakini zikija mpya bei yake mtu wa kununua Vitz hataigusa, hata na ushuru wa bidhaa kushushwa kutoka asilimia 20 hadi 10 tangu 2019. Uingereza mwaka wa 2024 karibu gari moja kati ya tano mpya ilikuwa ya stima. Sasa hizo ndizo zitatufikia kama mtumba, fanya hesabu ya miaka mwenyewe.

Kwa hivyo gari ndogo za petroli zitakuwa kwa pampu yako miaka mingi bado, ila zitakuja mara chache. Mwenye haibridi anaweka mafuta nusu ya yule wa Fielder ya zamani na wewe pale kwa pampu lazima umeshaliona hilo.

Wenye watakukimbia mapema ni wengine. Boda. Mtu wa boda hana shida ya pakingi wala ya kungoja kuchaji, anaingia kituo anatoa betri iliyoisha anawekewa iliyojaa anaenda, na anafanya hivyo kila siku kwa hivyo akiokoa mia mbili anaisikia siku hiyo hiyo. Roam, Ampersand, Spiro, kampuni za boda za stima, hao wote wako hapa, na Uber walianzisha boda za stima Nairobi tangu Agosti 2023. Halafu basi. BasiGo, wale wa mabasi ya stima, walianza kubeba abiria hapa 2022, sacco inalipia kwa kilomita na basi linalala steji moja kila usiku, chaja iko palepale. Wote hao wawili wanajua gari inalala wapi, na ndio wanapiga kilomita nyingi kuliko mtu wa ofisini, sasa jiulize kwa zamu yako moja ni lita ngapi zinaingia kwa boda na matatu, halafu uzitoe.

Kuhusu stima kutosha, wengi wameuliza, wanakumbuka giza la Agosti 2023. Mvuke wa ardhini wa Olkaria unaotupa stima unatoka usiku na mchana, na usiku wa manane hakuna wa kuutumia wote, ndio maana ile bei nafuu ya usiku iliwekwa. Tatizo ni waya na transfoma za mtaa, hasa saa moja ile kila mtu anapika. Na hata pampu yako inaendeshwa na stima kaka, ikipotea si mnawasha jenereta.

Cha kuangalia zaidi ni serikali. Kila lita unayouza ina shilingi 25 za barabara tangu Julai 2024, mbali na ushuru mwingine. Siku boda na mabasi wakihama, hizo pesa zitatafutwa kwa mwenye gari ya stima, na hesabu yote tuliyompigia dereva wa South B itabidi ipigwe upya.

Usiache kazi. Lakini kama una jioni mbili huru kwa wiki tafuta kozi ya stima kwenye chuo cha ufundi kilicho karibu na wewe, usiishie kwa waya za nyumba, uliza kama wanafundisha betri na volti kubwa. Kule Kirinyaga Road utapata mafundi mia wa kufungua gia boksi, wa kufungua betri ya Leaf abadilishe seli mbili mbovu bila kujiua ni wachache mno, na wanalipwa vile wanataka. Halafu muulize meneja wako kama steshoni ina mpango wa kuweka chaja au kituo cha kubadilisha betri za boda, maana kiwanja mnacho, stima mnayo, na mtu wa kukaa hapo saa nane za usiku tayari ni wewe.