Kabla ya kuchagua programu ya ofisi, jiulize nyaraka zako zitaprintiwa wapi

Tuliponunua kompyuta ya mezani kwa matumizi ya nyumbani, hapa Kigoma mjini, hakuna aliyefikiria habari ya programu za ofisi, kwa sababu Microsoft 365 ilikuwa humo tayari na kila mtu aliandika alichotaka. Baada ya mwezi mmoja binti yangu akaja kunieleza kwamba kompyuta imegoma kuandika. Haikuwa imeharibika. Muda wa majaribio ulikuwa umekwisha, na ukishakwisha, programu ile hukuruhusu kufungua nyaraka zako, kuzisoma na kuziprinti, lakini haikuruhusu kubadilisha hata nukta mpaka ulipie.

Fundi mmoja alijitolea kuniwekea nakala isiyo na leseni kwa bei ndogo kuliko ndoo ya dagaa. Nilimkatalia, wala si kwa uadilifu wa kupindukia, bali kwa sababu kompyuta ya shemeji yangu ilifanyiwa hivyo hivyo: kirusi kikaingia, na picha zake zote za harusi zikapotea. Anayekutaka uzime kinga ya virusi kwanza ndipo akuwekee programu, usimkabidhi kompyuta.

Nikaanza kutafuta programu ya bure iliyo halali. Google Docs ni nzuri, hasa pale watu wawili wanapoandika waraka mmoja kwa pamoja, ila imejengwa juu ya intaneti. Inaweza kuandaliwa ifanye kazi bila mtandao, lakini maandalizi hayo ufanye mapema, si siku ambayo bando limekwisha. WPS Office, ya kampuni ya Kingsoft ya China, inafanana mno na Word na watu wengi wanaijua kwenye simu, lakini toleo lake la bure lilikuwa na matangazo, nami sikutaka watoto wafanye kazi za shule huku wakibofyabofya matangazo. Nikachagua LibreOffice. Faili lake la kusakinisha linazidi MB 300, kwa hiyo nililipakua usiku kwa hotspoti ya simu, nikalinakili kwenye flashi, na tangu hapo majirani watatu wamelitumia bila kununua bando. Leseni yake inaruhusu jambo hilo waziwazi.

Hapa pana mtego wa majina. LibreOffice ilizaliwa mwaka 2010, pale sehemu kubwa ya waliokuwa wakiijenga OpenOffice.org walipojitenga na kuunda taasisi ya The Document Foundation. OpenOffice yenyewe ipo hadi leo chini ya taasisi ya Apache, na mtu akitafuta haraka anaweza kuipakua akidhani ni ile ile. Si ile ile: Apache OpenOffice hufungua faili la docx, yaani mfumo wa Word, lakini haiwezi kuhifadhi kazi yako kwa mfumo huo, na docx ndiyo utakayoombwa na karibu kila ofisi.

Lakini hata LibreOffice iliniaibisha mara moja, na kosa lilikuwa langu. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na niliandika taarifa ya mwaka yenye jedwali la hisa za wanachama, nikaihifadhi kama docx, nikaipeleka kwa flashi kwenye steshenari moja ya Mwanga, hapa hapa mjini. Dada wa pale alipoifungua kwa Word, safu ya mwisho ya jedwali, ile yenye jumla ya kila mwanachama, ilikuwa imesukumwa nje ya ukurasa. Akaniuliza kwa upole, "Mzee, hii nitoe hivihivi?" Nami, kwa haraka ya kuwahi mkutano, nikasema toa. Nilikwenda kusimama mbele ya wanachama nikiwasomea jumla zao kutoka kichwani.

Chanzo chake ni fonti. Nilikuwa nimetumia fonti iliyokuja na LibreOffice, ambayo kompyuta ya steshenari haikuwa nayo. Word ikaweka fonti nyingine iliyo pana kidogo, na upana huo mdogo, ukirudiwa katika kila neno, ulitosha kuvuruga jedwali zima. Siku hizi waraka wa kuprintiwa sitoki nao nyumbani kabla sijaugeuza kuwa PDF, faili linalobeba fonti na mpangilio wake lenyewe, na kitufe cha kufanya hivyo kipo juu kabisa, karibu na cha kuhifadhi. Nakala ya asili naibakiza katika odt, mfumo wa LibreOffice wenyewe. Docx naitumia tu pale mtu mwingine anapotakiwa kuendelea kuandika, na hapo nachagua Times New Roman au Arial, fonti ambazo kompyuta nyingi zenye Windows zinazo.

Kama kazi yako inahusu majedwali ya Excel yenye makro, yaani yale unayobofya kitufe kisha yanajikokotolea yenyewe, usitegemee yote yatafanya kazi katika Calc, programu ya majedwali ya LibreOffice. Nina faili moja la aina hiyo, nami huwa nalijaza kwenye kompyuta ya kazini.

Mabadiliko mawili uyafanye siku ile ile ya kusakinisha. Kwanza, LibreOffice huweka taarifa za kuokoa kazi kila baada ya dakika 10, na kompyuta ya mezani isiyo na betri huzimika umeme unapokatika. Nenda kwenye mipangilio ya kuhifadhi uifanye dakika 2. Pili, wakati wa kusakinisha usikubali tu mpangilio wa kawaida, bali chagua lugha mwenyewe na uweke alama kwenye kamusi ya Kiswahili, la sivyo utaandika barua nzima ikiwa na mistari myekundu chini ya kila neno. Kiswahili si mgeni katika programu hizi: mwaka 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, OpenOffice ya Kiswahili. Na maneno ya huku kwetu ambayo kamusi haiyajui, kama vile majina ya samaki wa ziwani, unayaongeza mwenyewe kwa kubofya neno kwa kitufe cha kulia cha kipanya.