Kuuza pikapu "kama ilivyo" na kunyamazia kasoro

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Nauza pikapu yangu mwenyewe, bila dalali. Nimeitunza vizuri, oili nabadilisha kwa wakati na bodi haina kutu. Ila iliwahi kugongwa nyuma, chasisi ikanyooshwa na kuchomelewa, ikapigwa rangi. Mteja amekuja na fundi wake, hawakuona wala hawakuuliza. Nikimwambia "nauza kama ilivyo", je, nimetoka lawamani? Na amejitokeza mwingine anayetaka kuongeza bei.

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullah. Hapana ndugu yangu, hujatoka. Mwambie kabla hajalipa.

Mtume (s.a.w.) amesema kuwa Muislamu ni ndugu wa Muislamu, na si halali amuuzie nduguye kitu chenye kasoro ila ambainishie. Hadithi hii ameipokea Ibn Majah kutoka kwa Uqba bin Amir. Basi kueleza ni juu yako muuzaji, hata mnunuzi asipouliza, hata fundi wake asipoona. Na hii si kasoro ya mkwaruzo mlangoni. Chasisi ndiyo inayobeba mzigo wote, na pikapu hununuliwa ipakiwe. Chomeleo likiachia njiani, roho za watu zimo humo.

Ama "kama ilivyo", wanazuoni wamehitilafiana, na wapo waliolipitisha sharti hilo kwa upana. Ninaloliona mimi lina nguvu ni kwamba linakukinga na kasoro usiyoijua tu. Sahaba Ibn Umar (r.a.) alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la namna hiyo, mnunuzi akalalamika kuwa ana maradhi. Khalifa Uthman (r.a.) akahukumu Ibn Umar aape kwamba hakuyajua. Ibn Umar akakataa kuapa, akamchukua tena mtumwa. Baadaye mtumwa akapona, akauzwa dirhamu 1500. Kisa kimo katika Muwatta, kitabu cha hadithi cha Imam Malik. Sasa wewe, ukitakiwa uape kuwa hukujua habari ya chasisi, utaapa?

Ukinyamaza, unapata dhambi, na mnunuzi akigundua ana hiari ya kukurudishia gari na kudai fedha zake.

Kuiosha na kuing'arisha ni ruhusa, na sifa zake za kweli zitaje zote.

Huyo wa pili, ikiwa bei mmeshapatana na wa kwanza, usimsikilize. Wa kwanza akisikia habari ya chasisi anaweza kuomba upunguze, na ana haki ya kuomba. Akijitoa, muuzie wa pili, na yeye pia umweleze.

Wallahu a'lam.