Kwa nini sikuwapeleka paka Deep Sea

Mwanangu mpenzi,

Salaam aleikum. Juzi usiku uliniandikia: "Mama, unaumwa saratani, uko kwenye dripu za dawa yake, hata kula ni kwa taabu. Nguvu za kuzunguka mtaani kuwatafutia paka nyumba unazitoa wapi? Si ungewapeleka tu soko la samaki la Deep Sea, samaki tele pale, Mungu atawaruzuku." Sikukujibu papo hapo kwa kuwa nilikasirika, na wewe hukustahili hasira zangu. Leo nimeamka na ahueni, nimekaa barazani, nakujibu.

Kwanza nikutoe wasiwasi: hakuna daktari aliyeniambia niwatoe. Maneno ya kwamba manyoya ya paka ndiyo yaliyoniletea uvimbe wa titi ni ya shangazi yako. Nilimwuliza daktari pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, akasema saratani ya titi haitoki kwa paka. Anachokiogopa ni maambukizi. Kuanzia kama siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dripu, chembe nyeupe za damu hushuka, na mkwaruzo ambao zamani ningeupaka mafuta ya nazi nikausahau, sasa unaweza kunilaza wodini. Ndiyo maana kipimajoto kinalala chini ya mto wangu. Homa ikifika nyuzi 38 sisubiri kukuche. Mchanga wao wa choo siugusi. Binti wa jirani huja kuubadilisha kila siku, amevaa glovu, maana vimelea vinavyotoka kwenye kinyesi cha paka huchukua siku moja au zaidi kabla havijaweza kumwambukiza mtu. Samaki wabichi nao hawapati tena, nawachemshia. Kwa utaratibu huo ningekaa nao mpaka dripu ziishe.

Kilichonibana ni matibabu ya mionzi. Dripu naenda Dar na basi, nalala siku mbili kwa mama yako mdogo, narudi Tanga kusubiri siku 21 zitimie. Mionzi haiendi hivyo. Ni Jumatatu hadi Ijumaa, wiki baada ya wiki, na Tanga hapa sina pa kuipata. Nitakaa Mbagala mwezi na zaidi, na mjukuu wa mama yako mdogo ana pumu. Nyumba itafungwa.

Sasa Deep Sea. Wewe unaikumbuka ya alfajiri, mashua zikiingia, utumbo wa samaki ukimwagwa kila mahali. Nenda saa tisa mchana ukaone. Mashume wenye masikio yaliyochanika ndio wanaotawala pale, na paka wa sebuleni hajui hata namna ya kukimbia. Mwaka jana nilimwona mmoja, jike, shingoni ana uzi wa shanga aliofungwa na mtoto wa watu. Alikuwa amejikunyata chini ya meza ya mpara samaki. Nilirudi siku ya pili, nikarudi na ya tatu, yupo palepale, hagusi kichwa cha kibua alichorushiwa, macho barabarani upande zinakotokea bajaji. Siku ya nne sikumkuta.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani. Na ulisomeshwa madrasa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Utaniambia yule alifunga, mimi ningefungua. Nimeliwaza sana hilo nikiwa kitini na dripu mkononi. Paka niliyemlea tangu hajafumbua macho, nikamzoesha sahani ya bati, nikimshusha sokoni nitakuwa nimemtupa. Sikuona jina jingine la kukiita kitendo hicho.

Na kuna jambo ambalo sikumwambia mtu. Tangu Februari kila kitu changu kinapangwa na wengine: tarehe, dawa, nile nini, nilale wapi. Hili la paka nimelipanga mwenyewe. Siku nikimpatia mmoja nyumba, nalala usingizi.

Chumvi alikuwa mwepesi kupata nyumba, mweupe vile na mpole, mwalimu wa Chumbageni alimchukua siku ileile. Tangawizi nilimkosea. Ilikuwa siku mbili baada ya dripu, nimechoka, kichefuchefu kimenikaba, akaja mtu akasema ana duka la nafaka na panya wanamsumbua. Nikampa bila kumwuliza swali hata moja. Siku ya tano Tangawizi akarudi usiku, shingoni ana kamba ya katani imekatika, chini yake ngozi imechubuka mpaka nyama. Alikuwa amefungwa kwenye mguu wa meza. Nililia kuliko siku niliyopewa majibu yangu. Kuanzia hapo nikaanza kwenda mwenyewe, taratibu, nimefunika kichwa na kitambaa, nione anakolala paka kabla sijamtoa. Sasa Tangawizi yuko kwa fundi cherehani wa Barabara ya 7, analala kwenye vipande vya vitambaa. Mama Watoto, kizee wetu, hakuhitaji hata tenga. Jirani yetu alisema atamlishia hapahapa kibarazani mwake, ukuta kwa ukuta, ili asihangaike na mtaa mpya kwa umri ule.

Amebaki Kaniki. Weusi wake ndio tatizo. Wawili walisema ni jini. Wa tatu alimtaka kwa haraka mno, akauliza kama ana hata unyoya mmoja mweupe, nikaelewa anamtaka kwa shughuli gani, nikafunga mlango.

Kwa hiyo nguvu unazoniuliza nizitoe wapi, nitolee wewe kidogo. Yule rafiki yako wa shule mwenye ghala la mahindi Muheza, mpigie. Mwambie paka amehasiwa, amechanjwa kichaa cha mbwa, cheti cha daktari wa mifugo ninacho. Anakula dagaa wa kuchemsha wasiotiwa chumvi. Akifika afungiwe chumba kimoja wiki mbili au tatu, mlango usiachwe wazi, la sivyo atashika njia ya kurudi Tanga kwa miguu. Nitamletea na ile kanga yangu ya zamani anayoilalia, naomba asiifue.

Naondoka Jumapili ya wiki ijayo.

Mama yako