Je, Kuna Faida Kutazama Nakala za Hazina za Tutankhamun?

SWALI: Mhariri, salaam. Ninaishi Ujerumani pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka 8 na mwingine wa miaka 12. Mjini kwetu yameletwa maonyesho ya hazina za kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, na binti yangu mkubwa hanipi nafasi ya kupumua kwa kutaka twende. Lakini tangazo lenyewe linaeleza wazi kwamba vitu vyote ni nakala. Mume wangu anasema kulipia tiketi nne kwa ajili ya vitu vya bandia ni kutupa fedha, na kwamba ni heri tuziweke akiba hadi tutakapojaliwa kufika Misri. Wewe unaonaje? Na je, ni kweli kwamba kaburi lile lina laana?
Mama wa Wawili, Ujerumani

JAWABU: Dada mpendwa, nakushauri uwapeleke watoto, ingawa mume wako naye hajakosea katika kila jambo. Kinyago cha mfalme, chenye kimo cha sentimita 54, kimefuliwa kwa zaidi ya kilo 10 za dhahabu, na jeneza la ndani kabisa kati ya majeneza yake matatu ni dhahabu tupu yenye uzito wa kilo 110 hivi. Hakuna rangi ya fundi yeyote wa leo inayoweza kushika nafasi ya madini hayo. Anayekwenda kutafuta dhahabu atarudi amevunjika moyo.

Nakala zina faida nyingine, nayo ni mpangilio. Howard Carter, mwanaakiolojia Mwingereza aliyeligundua kaburi hilo, alipotoboa tundu katika mlango uliozibwa, tarehe 26 Novemba 1922, akachungulia ndani kwa mwanga wa mshumaa, hakuona kitu kimoja kimoja kikiwa kimesimama peke yake ndani ya kabati la vioo. Aliona chumba kilichojaa: vitanda vitatu vikubwa vyenye maumbo ya wanyama, masanduku yaliyorundikwa, magari ya kukokotwa na farasi yaliyofunguliwa vipande vipande, na pande mbili za mlango wa chumba cha maziko, sanamu mbili nyeusi zenye kimo cha mtu zikilinda. Kuvitoa na kuvihifadhi vitu vile, vinavyozidi 5,000, kulichukua karibu miaka 10, na tangu hapo mpangilio ule haukubaki popote isipokuwa katika kumbukumbu za Carter na picha za mpigapicha wake, Harry Burton. Maonyesho ya nakala, kama yale yaliyoanzia Zurich mwaka 2008 yakiwa na nakala 1,000 hivi, huvijenga upya vyumba hivyo, nawe ukasimama pale aliposimama Carter. Jambo hilo huwezi kulipata hata katika jumba la makumbusho lenye vitu vya asili.

Mwambie pia mume wako kwamba Misri yenyewe haioni haya kutumia nakala. Pumzi na jasho la wageni huongeza unyevu ndani ya kaburi na kuudhuru uchoraji wa kutani, na kwa sababu hiyo mwaka 2014 kulifunguliwa nakala ya chumba cha maziko karibu na nyumba aliyoishi Carter, kwenye njia ya kuelekea Bonde la Wafalme, lilipo kaburi lenyewe. Humo mna kipande cha ukuta ambacho katika kaburi la asili hakipo tena, kwa sababu kiliondolewa ili kuyapitisha makasha makubwa ya mbao yaliyolifunika jeneza la jiwe. Mafundi walikirejesha kwa kufuata picha za Burton. Hapo nakala imetunza kile ambacho asili imekwisha kupoteza, na kwangu mimi hiyo ni hoja nzito kuliko zote.

Mtakapofika, msiende mbio kwenye kinyago. Simameni kwanza mbele ya kiti cha enzi. Katika egemeo lake malkia Ankhesenamun ameinama kidogo, kikombe cha mafuta mkononi, akimpaka mumewe begani, na juu yao jua linashusha miale ambayo kila mmoja unaishia kwa kiganja cha mkono. Mfalme amekaa kwa kujilegeza, mkono mmoja ameutupa nyuma ya kiti, kama mtu aliye kwake. Kiti hicho kina jina lake la utotoni, Tutankhaten, na pia lile la baadaye, Tutankhamun. La kwanza linamtaja Aten, mungu wa jua, na la pili mungu Amun; yaani mabadiliko ya dini ya taifa zima yamo katika fenicha moja. Alitawazwa akiwa na umri wa karibu miaka 9 na akafariki akiwa na miaka 19 hivi, kwa hiyo binti yako atakuwa anamtazama mtu aliyekuwa mfalme katika umri kama wake.

Kuhusu laana, mtoe hofu. Lord Carnarvon, aliyegharimia uchimbaji, alifariki Cairo Aprili 1923 baada ya kidonda cha kuumwa na mbu kuingia sumu, na magazeti yakalishika jambo hilo. Carter, aliyekuwapo maiti yenyewe ilipofunguliwa, aliishi hadi 1939. Mwangalifu uwe kwa jambo jingine: kaburini mlikuwamo pia maiti mbili ndogo za watoto waliozaliwa kabla ya wakati wao, na kama nakala zake zimewekwa, mweleze mapema yule wa miaka 8.

Na akiba ya safari msiivunje. Hazina za asili sasa zimekusanywa pamoja katika jumba jipya la makumbusho huko Giza, lililozinduliwa rasmi Novemba 2025. Wakifika huko wakiwa wameshaviona vyumba vilivyojaa, watajua kila kitu kilikaa wapi. Kuna kimoja ambacho ningewaomba wakitafute: pete 8 za dhahabu zilizofungwa fundo katika kitambaa. Wezi walioingia kaburini zamani hizo ndio waliozifunga, kisha zikabaki kaburini zaidi ya miaka 3,000, fundo likiwa bado halijafunguliwa.