Jiko la Makaa Lilivyotutembeza Nairobi

Kila likizo ya Agosti inapokaribia, wazazi wa mtaa wetu wa Buruburu huulizana swali lile lile: watoto tutawapeleka wapi? Mwenye uwezo hutaja Mombasa, na asiye nao hunyamaza, kana kwamba kati ya Jogoo Road na Bahari ya Hindi hakuna kitu cha kumwonyesha mtoto. Mimi nilikuwa katika kundi la wanaonyamaza. Nilitoka katika kundi hilo siku bakuli la udongo la jiko letu la makaa lilipopasuka vipande vitatu, maharagwe yakiwa bado mabichi katikati.

Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa, alivitazama vile vipande akaniuliza ni nani anayetengeneza majiko. Nikamjibu kwamba ni mafundi wa jua kali. Akauliza wako wapi. Nikamwambia wako Kamukunji. Kisha akauliza swali lililonitia aibu: "Mama, umewahi kuwaona?" Nimepita karibu na Kamukunji ndani ya matatu kwa zaidi ya miaka 20, na sikuwa nimewahi kushuka.

Ushauri wangu kwa mzazi anayetafuta matembezi ya karibu unatokana na swali hilo. Usianze na orodha ya vivutio, kwa sababu orodha hizo huandikiwa wageni, na huishia kukuchosha na kukukausha mfuko. Chukua kitu kimoja kinachotumika nyumbani kwako, kisha ukifuate mpaka kwa mikono iliyokitengeneza. Kitu hicho chenyewe kitakuonyesha njia ya kwenda kwingine, na mtoto atakwenda akiwa na swali lake mwenyewe, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kuburutwa na mzazi kutoka lango moja hadi jingine.

Jumamosi hiyo tulilitia jiko ndani ya gunia, tukapanda matatu, mimi, binti yangu na mdogo wake wa miaka sita. Makanga alilitazama gunia, akauliza kama tunapanga kupika njiani, akatutoza nauli ya watu wawili na jiko likaenda bure. Tulishukia Muthurwa. Mabanda ya Kamukunji husikika kabla hayajaonekana: nyundo mamia zinagonga bati kwa wakati mmoja, na masikio huchukua dakika kadhaa kuzoea. Hapo hutengenezwa masanduku ya wanafunzi wa shule za bweni, makarai, wilibaro, mabeseni, sufuria za kupikia harusi na, bila shaka, majiko. Mabati mengine ni mapya, mengine yamekatwa kutoka kwenye mapipa yaliyokwisha kazi yake ya kwanza.

Tulimpata mzee mmoja aliyekuwa akikunja kiuno cha jiko. Nilimwomba ruhusa, naye akasema, "Karibuni, lakini watoto wasimame upande huu. Cheche haiulizi mtu umri." Alilipokea jiko letu, akalipindua, akabandua mabaki ya udongo kwa patasi, kisha akachagua bakuli jipya kati ya matano yaliyorundikwa kando. Kabla ya kuliweka aliligonga kwa ukucha na kumwambia binti yangu asikilize: bakuli zima hulia kama kikombe, lenye ufa hutoa sauti butu. Akalishindilia kwa mchanganyiko wa saruji, akafuta kingo kwa kidole gumba, akatuonya tusiliwashe mpaka likauke sawasawa. Kazi yote haikufikia nusu saa. Wanangu, ambao hawawezi kutulia dakika kumi kanisani, hawakubanduka.

Jiko hilo lenye kiuno chembamba, ambalo karibu kila nyumba ya Nairobi imewahi kuwa nalo, lina historia ndefu kuliko nilivyodhani. Jiko la bati tupu lililotangulia huhusishwa na vibarua wa Kihindi walioletwa kujenga reli. Hili lenye udongo ndani lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wabunifu wake waliazima wazo kutoka jiko la ndoo la Thailand, wakalirekebisha ili mafundi wa hapa waweze kulitengeneza kwa vifaa walivyo navyo. Udongo huzuia joto lisipotee ubavuni, na ndiyo maana hula makaa machache kuliko lile la zamani. Nilipowaeleza watoto habari ya vibarua wa reli, safari ya pili ikajipanga yenyewe.

Makumbusho ya Reli yako nyuma ya stesheni ya zamani ya Nairobi, na tangu yalipoanzishwa mwaka 1971 yamebaki mahali pa utulivu ambapo mtoto anaweza kupanda juu ya garimoshi halisi na kushika mitambo bila kukemewa. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika hapa mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, kwa jasho la vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India pamoja na Waafrika wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Kinachowakaa watoto akilini, hata hivyo, ni behewa la Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, aliyekesha humo mwaka 1900 akimvizia simba katika stesheni ya Kima. Usingizi ulimchukua, naye simba akaingia akamtoa kupitia dirishani. Mdogo alisimama mbele ya dirisha hilo akilipima kwa mikono, akasema simba asingepenya. Tulibishana jambo hilo mpaka nyumbani.

Kisha likaja swali la makaa yenyewe. Nilimweleza binti yangu kwamba makaa mengi yanayouzwa Nairobi hutoka mbali, katika maeneo makavu kama Kitui na Kajiado, na kwamba huko siwezi kumpeleka kwa siku moja, lakini naweza kumpeleka kuona msitu uliokaribia kukatwa vipande ukaokolewa. Karura ina takriban hekta 1,000 ndani ya jiji, na imekuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi ili wajenge nyumba. Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti langoni mnamo Januari 1999 wakapigwa, naye akaumizwa kichwa. Miaka mitano baadaye alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Leo watu hulipa kiingilio, hukodi baiskeli, hutembea mpaka kwenye maporomoko ya maji na mapango yanayosemekana kuwahifadhi wapiganaji wa Mau Mau. Sitarefusha habari za Karura, kwa kuwa wengi mnaijua. Ninachoomba tu ni kwamba mzazi asimpitishe mtoto chini ya miti ile bila kumwambia kwa nini bado imesimama.

Sasa nikiri kosa langu, maana nilipoona mambo yanaenda vizuri nilipata tamaa. Siku moja ya likizo nilipanga kuwaona ndovu, twiga, shanga na nyumba ya makumbusho ya mwandishi Karen Blixen, yote kati ya asubuhi na jioni. Ramani inaonyesha kwamba maeneo hayo ni majirani. Ramani haionyeshi foleni ya Lang'ata Road. Kituo cha Sheldrick cha ndovu yatima hupokea umma kwa saa moja tu, kuanzia saa tano hadi saa sita mchana, na nafasi lazima iwekwe mapema. Nafasi niliiweka, lakini tulifika saa tano na dakika arobaini, mdogo akiwa ametapika juu ya viatu vyangu, na ndovu wakiwa wamekwisha kunywa maziwa yao. Kwa twiga tulikaa dakika ishirini. Kwingine hatukufika. Fedha niliyotumia siku hiyo ingetosha matembezi matatu ya Kamukunji pamoja na chakula. Tangu hapo sheria ya nyumba yetu ni mahali pamoja kwa siku moja, na kurudi nyumbani kabla mtu yeyote hajalia, mimi nikiwemo.

Shanga tulizifuata baadaye, siku ya kazi, na zilikuwa na kisa chake. Niliwahi kununua mkufu katika duka moja la mtandaoni lililoapa kwamba kila shanga imefinyangwa kwa mkono hapa Kenya. Ulipofika, shanga zote zilikuwa sawa kama punje za dawa, na baada ya mwezi rangi ilianza kubanduka shingoni mwangu. Sikuwa na kipimo cha kunisaidia kutofautisha. Kipimo nilikipata katika karakana ya Kazuri, kule Karen, iliyoanzishwa na Susan Wood mwaka 1975 akiwa na wanawake wawili tu, na ambayo leo imeajiri mamia ya wanawake, wengi wao wakilea watoto peke yao. Udongo wake hutoka maeneo ya Mlima Kenya. Hapo tuliona mama mmoja akikata kipande cha udongo, akakiviringisha kati ya viganja, akakitoboa na kukipanga pamoja na vingine, bila kuangalia mikono yake hata mara moja, kwa sababu alikuwa akizungumza na jirani yake habari za karo. Shanga hukaushwa, huchomwa, hupakwa rangi kwa burashi moja moja, kisha huchomwa tena. Ukiiweka kiganjani huwa nzito kidogo na baridi, na ukitafuta pacha wake humpati. Mtoto aliyeiona kazi hiyo mara moja hawezi kudanganywa tena na plastiki, na kwa kweli siku hizi binti yangu ndiye mkaguzi wangu sokoni.

Hapa kuna jambo ninalotaka kulisema wazi, ingawa wapo watakaonikasirikia. Sisi Wanairobi hulipa bei iliyobandikwa dukani bila kufungua mdomo, halafu tukifika kwa fundi tunataka apunguze nusu. Kupatana bei ni sehemu ya soko letu na sina ugomvi nako, lakini mtu aliyekupa nusu saa ya kazi yake, akajibu maswali kumi na saba ya watoto wako, na bado ukamwacha bila kununua hata kibaniko, amepata hasara kwa sababu yako. Mimi hutenga fedha kidogo kabla ya kuondoka nyumbani, na tukitazama kazi, tunanunua kitu, hata kama ni kidogo. Kama hatuna haja ya kitu, nauliza kama naweza kumlipia chai. Picha siipigi kabla ya kuomba, na hapana ya fundi ni hapana. Ukiagiza kitu cha kutengenezewa, lipa sehemu ya fedha ili anunue vifaa, hiyo nyingine ibaki mpaka kazi ikamilike. Nimewahi kulipa meza yote mkononi, nikaisubiri majuma saba.

Mambo mengine ni madogo. Vaeni viatu vya kufunika vidole mnapokwenda kwa mafundi wa chuma. Bebeni maji na viazi vya kuchemsha, kwa sababu mtoto mwenye njaa hapendi historia. Mbuga ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1946, pamoja na bustani ya wanyama iliyo langoni mwake hulipiwa kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo ya mtandaoni, kwa hiyo malizeni malipo mkiwa nyumbani badala ya kusimama langoni mkitafuta mtandao.

Kitu tunachokifuata kwa sasa ni kiondo. Tangu serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki mnamo Agosti 2017, kiondo cha marehemu mama mkwe wangu kilitoka juu ya kabati kikarudi sokoni, na mwaka huu mkono wake mmoja ukakatika. Soko la Kariokor, ambalo jina lake ni kumbukumbu ya wapagazi wa Carrier Corps wa Vita vya Kwanza vya Dunia, liko hatua chache kutoka barabara tunayopita kila siku. Viondo vingi hufika hapo vikiwa vimesukwa na akina mama wa Ukambani, na hapo hapo hutiwa mikono ya ngozi, jirani na wauza akala, viatu vinavyokatwa kwenye matairi. Mama aliyekishona chetu alikigeuza ndani nje, akakinusa, akasema huu ni mkonge wa zamani uliosokotwa pajani, na kwamba wasichana wa siku hizi hawana paja la kazi hiyo. Kisha alimtazama binti yangu, akachomoa nyuzi chache kutoka kwenye fundo lililokuwa miguuni pake, akamwanzishia kitako cha kiondo na kumwonyesha jinsi ya kuongeza uzi bila kuacha pengo.

"Ukifika mzunguko wa kumi, kilete nikione," alimwambia. "Kikipinda usikifumue. Kilete kikiwa kimepinda hivyo hivyo."

Amefika mzunguko wa nane. Kimepinda, na Jumamosi tunakwenda.