Ndege aina ya nini?

Swali: Salaam aleikum maalim. Kwenye sanduku la marehemu nyanya tumepata picha ya zamani ya ndege imekaa majini, nyuma yake minazi, na upande wa pili imeandikwa kwa kalamu "Kilindini", basi. Jirani yetu alisema hiyo ni Short. Nataka kuiposti, ila kaka yangu ang'ang'ania niandike "ndege huyu aina ya Short" na mi naona ni "ndege hii ya aina ya Short". Nani yuko sawa? (Msomaji, Kisauni)

Waaleikum salaam mwanangu. La kwanza ni jepesi, tulimalize. Ndege huyu ni mwenye manyoya, hao kunguru wanaotusumbua hapa Mombasa wote ni ndege hawa. Hiyo ya kupanda watu ni ndege hii, inapaa, inatua, imefungwa kamba, kwa sababu ni chombo, yaenda pamoja na treni na meli. Hapo we uko sawa na kakako hayuko sawa.

Sasa hiyo "aina ya". Hapo nyote wawili mmenishika penye kidonda, manake hili jambo lanikera miaka nenda miaka rudi na sijapata pa kulisemea. Fungua redio asubuhi yoyote: gari aina ya Toyota limegongana na lori aina ya Isuzu, mshukiwa alipatikana na simu aina ya Nokia. Hebu niambie, ukishaambiwa gari aina ya Toyota umeambiwa nini? Probox ni Toyota. Hiace yenye abiria kumi na wanne ni Toyota. Land Cruiser ni Toyota, pikapu ya kubebea mbata ni Toyota. Mtu akisimama barabarani Nyali kutafuta "gari aina ya Toyota" lililomkimbia atasimamisha nusu ya Mombasa! Toyota si aina, Toyota ni aliyeliunda. Aina ni Probox. Na lile gari lenyewe, lile moja lililogonga, ni namba yake ya usajili. Ni mambo matatu mbalimbali, na mtangazaji ameyabwaga yote ndani ya kapu moja la "aina ya" halafu anasoma kwa sauti nzito kama aliyetoa habari kamili.

Neno lenyewe halina kosa. Asili yake Kiarabu, huko ni sampuli, kipande unachoonyeshwa ujue mzigo wote ulivyo, na sisi tukalitumia kwa vitu vinavyofanana umbo na kazi. Vinavyofanana. Hilo ndo sharti lake.

Kwenye picha za ndege za zamani ndo utaona madhara yake, kwa sababu kule kutambua ndege ndo kazi yenyewe, na kapsheni mbovu ikishazunguka mitandaoni haifutiki tena, kila mtu anainakili. Nimeona picha ya ndege ya injini mbili imeandikwa "ndege aina ya Wilson". Wilson si aina na wala hakuunda ndege. Wilson Airways lilikuwa shirika, lilianzishwa Nairobi 1929 na Florence Kerr Wilson, na ndege zake nyingi zilitoka kwa de Havilland wa Uingereza. Hapo mtu ametaja mwenye basi akidhani ametaja basi. Mwingine kajirekebisha kaandika "ndege aina ya de Havilland", haya, de Havilland ipi? Kuna DH.60 Moth, injini moja, mabawa juu na chini, rubani kichwa kiko nje kwenye upepo. Kuna Puss Moth, injini moja vilevile lakini bawa ni la juu peke yake na watu wamekaa ndani wamefungiwa vioo. Kuna Dragon Rapide, injini mbili, mabawa juu na chini tena, magurudumu yamevalishwa kama suruali, na ndizo East African Airways walizoanza nazo 1946. Ukiziweka hizo tatu pamoja hata mtoto hawezi kusema ni kitu kimoja, na zote zimeitwa "aina ya de Havilland".

Na Dakota! Kila ndege ya injini mbili iliyopigwa picha kabla ya uhuru imekuwa "ndege aina ya Dakota", hata zile za Lockheed Lodestar ambazo East African Airways walikuwa nazo pia. Tazama mkia tu ndugu zangu, Dakota ina pezi moja limesimama katikati, Lodestar ina mapezi mawili, moja kila upande. Haihitaji digrii ya uhandisi, inahitaji macho na subira ya dakika mbili kabla ya kuandika "aina ya".

Turudi kwa picha yako ya Kilindini, bandari yetu ya Mombasa. Jirani kasema Short. Short ni waundaji, Waingereza, na ndege za majini waliunda za kila namna. Calcutta ni Short: mabawa juu na chini, injini tatu, hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilikuwa ikitua Kisumu. Empire ni Short: bawa moja limekaa juu kabisa ya mwili, injini nne, tumbo lake lenyewe ndo boti, na hizo ndizo zilizopita Mombasa kuanzia 1937 kwenye safari ya Imperial Airways, shirika la Waingereza, kutoka Southampton mpaka Durban. Sunderland nayo ni Short, injini nne, ukiwa mbali utaapa ni Empire, lakini ile ni ya vita na ina vibanda vya bunduki puani na mkiani. Sasa ukiandika "aina ya Short" umemwambia msomaji kwamba nyanya yako huenda alipiga picha ndege ya kubeba barua na abiria, au huenda alipiga picha ndege ya kuwinda nyambizi. Hiyo si kapsheni, ni fumbo.

Kwa hivo chukua kioo cha kukuzia, au uiskani uizumu kwenye simu, na uanze na injini, sio na jina. Zikiwa mbili, na bawa limeinuliwa juu ya mwili kama limewekwa kwenye shingo, na ubavuni kuna vioo viwili vimevimba, basi hiyo sio Short kabisa, hiyo ni Catalina ya Consolidated wa Marekani, na hapo mwaka wa picha wahama wenda kwenye vita, manake kikosi namba 209 cha jeshi la anga la Uingereza kilikuja Kipevu, hapa hapa Mombasa, 1942 na Catalina zake. Zikiwa nne tazama pua na mkia. Hakuna bunduki? Empire. Halafu tafuta herufi kubwa ubavuni. Ikianza na G imeandikishwa Uingereza, ikianza na VP-K imeandikishwa Kenya, ndo ilivyokuwa kabla hatujapata 5Y yetu, na VR-T ni Tanganyika. Hizo Empire za Imperial Airways zilipewa na majina pia, yote kwa C: Canopus, Cambria, Centaurus, Corsair. Ukipata herufi zote basi hutafuti aina tena, umeipata ndege yenyewe, moja, ile ile nyanya aliyoiona kwa macho yake. Canopus ni G-ADHL na hakuna Canopus nyingine kwenye kundi lile.

Na sisi watu wa pwani ndo tunaoniudhi zaidi kwa hili, kwa sababu vyombo tumevijua kwa majina toka enzi. Nenda Bandari ya Kale umuulize mzee yeyote hicho ni nini kinachoingia. Atakwambia jahazi. Atakwambia mashua, dau, ngalawa, na babu zake walikuwa na mtepe ulioshonwa kwa kamba. Hatakwambia hata siku moja "chombo aina ya ngalawa", angechekwa. Jina lishabeba umbo, kazi na namna ya kuundwa. Basi Empire nalo ni jina, Catalina ni jina, Rapide ni jina, yaache yasimame kwa miguu yake, hayataki mkongojo.

Sasa kuhusu "aina ya" na "ya aina ya" mliogombania nyumbani: sarufi inakuunga mkono wewe, ndege ya aina fulani, na kakako ameidondosha hiyo "ya" ya kwanza kama wanavyoidondosha magazetini. Hilo nimechoka kupigana nalo, limeshaenea, lipite. Ila hata hiyo yako itumie kwa modeli tu. "Ndege ya aina ya Empire", sawa, nitanyamaza. "Ya aina ya Short", hapana, si leo si kesho.

Kwa hivo ukihesabu injini nne na pua haina bunduki, andika hivi: "Short Empire ya Imperial Airways, Kilindini, mwisho wa miaka ya 1930. Picha kutoka sanduku la nyanya." Ukisoma herufi ubavuni ziongeze, na zile zilozibwa na kichwa cha mtu au na boti weka nukta mahali pake, usizikisie.